Ombi Limetumwa, Jibu Halijaja: Je, Uiandikie Idara?

Mwezi Februari wa mwaka niliokuwa nikisubiri majibu ya shahada ya uzamivu, nilikuwa nafungua akaunti zangu za maombi kabla hata sijanawa uso. Nilikuwa nimeomba katika vyuo saba, na kila chuo kilikuwa na ukurasa wake, nywila yake na namna yake ya kuniambia jambo lilelile: ombi lako linapitiwa. Kurasa hizo nilizizoea kiasi kwamba ningetambua hata nukta moja ikihamishwa. Asubuhi moja, baada ya wiki tisa za maneno hayo matatu, niliketi nikaiandikia idara mojawapo barua pepe ndefu, nikieleza jinsi ninavyoipenda programu yao, jinsi ninavyoelewa kwamba wana kazi nyingi, na jinsi ambavyo ningeshukuru kupata habari yoyote ile. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, nalo lilikuwa na sentensi mbili tu: kamati bado inaendelea na kazi yake, na waombaji wote watajulishwa uamuzi utakapokuwa tayari.

Nilizisoma sentensi hizo mara nyingi, nikitafuta ndani yake dalili ambayo haikuwemo. Nilijiuliza kama nimejiharibia, kama jina langu sasa limewekewa alama ya mtu msumbufu, kama ningenyamaza ningekuwa salama zaidi. Maswali hayo ndiyo ninayoletewa leo na wadogo zangu na wenzangu kila msimu wa maombi unapofika, na kila mara huja na woga uleule niliokuwa nao mimi. Baadaye, nikiwa tayari mwanafunzi, nilifanya kazi ya muda katika ofisi ya idara kwa misimu miwili ya udahili, nikimsaidia mratibu kupanga mafaili na kujibu barua za waombaji, kwa hiyo nimeliona jambo hili nikiwa upande huu na nikiwa upande ule. Ninayoyaandika hapa ndiyo ambayo ningependa mtu aniambie asubuhi ile.

Kuandika kunaruhusiwa. Katika misimu yote miwili sikuona mtu hata mmoja aliyenyimwa nafasi kwa sababu aliuliza mara moja, kwa adabu. Ninachomwuliza anayeniomba ushauri ni swali jingine: barua yako imebeba nini? Barua iliyobeba kitu ambacho ofisi haikijui, au inayoomba kitu ambacho ofisi inaweza kukitenda leo, hupata mtu wa kuishughulikia. Barua iliyobeba wasiwasi peke yake hupokelewa kwa heshima, hujibiwa kwa sentensi mbili, na humwacha mwandishi wake pale alipokuwa, au pabaya zaidi.

Ili kuelewa kwa nini iko hivyo, ni lazima kujua ombi linapita wapi. Katika programu nyingi za uzamivu za Marekani, tarehe ya mwisho ya kutuma maombi huangukia kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari, na majibu mengi hutoka Februari na Machi. Kati ya vipindi hivyo viwili mwombaji haoni kitu, ingawa ndani kazi haijasimama hata siku moja. Ofisi hukusanya vipande vya kila ombi, yaani fomu, nakala rasmi za matokeo, alama za mitihani na barua za mapendekezo, na faili likishakamilika hupelekwa kwa walimu wa kamati. Walimu hao hawapewi likizo ya kusoma maombi. Wanafundisha, wanasimamia wanafunzi walionao, wanaandika tafiti zao, na mafaili huyasoma usiku na mwisho wa wiki. Katika idara niliyofanyia kazi, kila faili lilisomwa na watu wasiopungua wawili kabla ya kikao cha kwanza, na kikao cha kwanza hakikumaliza kazi. Orodha ikishapatikana, huja suala la fedha, kwa kuwa nafasi nyingi za uzamivu huambatana na ufadhili, na idara haiwezi kuahidi mwaka wa kwanza wa posho na ada bila kujua ni kiasi gani ilichotengewa. Hata baada ya idara kupendekeza jina, barua rasmi mara nyingi hutolewa na ofisi kuu ya shahada za juu ya chuo kizima. Ndiyo maana mtu anaweza kupata ujumbe wa pongezi kutoka kwa profesa huku akaunti yake ikiendelea kusema kwamba ombi linapitiwa.

Lipo jambo moja ambalo lingenipa usingizi mwaka ule kama ningelijua. Nafasi hazitolewi zote kwa siku moja. Idara hutoa mkupuo wa kwanza, huwaalika waliochaguliwa waje kutembelea chuo, kisha husubiri. Baadhi ya hao watakubali, wengine wataenda kwingine, na kila anayekataa huacha pengo ambalo kamati hulijaza kwa jina linalofuata. Katikati ya mkupuo wa kwanza na wa mwisho wapo watu ambao hawajakubaliwa wala hawajakataliwa, na wengi wao hawaambiwi rasmi kwamba wamo kwenye orodha ya kusubiri. Mtu wa namna hiyo akiandika mwanzoni mwa Machi kuuliza kama kuna habari, mratibu anayemjibu anajua jina lake liko wapi kwenye orodha, lakini hana ruhusa ya kulisema, na hata angekuwa nayo asingejua kama pengo litapatikana. Zile sentensi mbili nilizozisoma kwa uchungu nimekuja kuziandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikizinakili kutoka kwenye faili la majibu tuliyoyaandaa, na sikuwahi kuzituma bila kumfikiria mtu aliyekuwa akizisubiri.

Sasa nije kwenye barua zilizobeba kitu.

Iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya kipande kilichopotea. Katika chuo kimoja kati ya vile saba, ukurasa wangu ulionyesha orodha ya vitu vinavyohitajika, na mbele ya kila kimoja palikuwa na alama ya vema ya kijani. Fomu, vema. Ada ya maombi, vema. Nakala ya matokeo, vema. Chini kabisa yalikuwapo majina ya maprofesa watatu walioniandikia mapendekezo. Mawili yalikuwa na vema ya kijani, na la tatu lilikuwa na duara tupu la kijivu na neno moja pembeni yake: imetumwa. Kwa siku kumi na moja nililitazama neno hilo nikidhani lina maana kwamba barua ya profesa imetumwa. Maana yake ilikuwa kwamba mfumo umemtumia profesa ombi la kuandika barua. Profesa hakuwahi kuliona, kwa kuwa ujumbe wa mfumo, unaotoka kwenye anwani ambayo hakuna mtu anayeitumia, ulikuwa umelala kwenye folda yake ya barua taka tangu Novemba.

Nilipogundua, tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa siku sita. Niliona haya kuandika, maana nilihofia kwamba nitakuwa ninakiri uzembe mbele ya watu wanaonipima. Nashukuru niliandika. Mistari minne: jina langu, namba ya ombi, jina la profesa ambaye barua yake haijafika na sababu, na swali kama bado inaweza kupokelewa na kwa njia gani. Mratibu alijibu siku ileile kwamba kamati itaanza kusoma wiki inayofuata, kwamba barua ikifika kabla ya hapo itawekwa kwenye faili, na kwamba ameshamtumia profesa kiungo kipya. Programu nyingi zina msimamo mkali juu ya fomu ya mwombaji kuchelewa, lakini zina uvumilivu kwa barua ya mapendekezo inayochelewa siku chache, kwa sababu zinajua kwamba mwombaji hana mamlaka juu ya kalamu ya mtu mwingine. Uvumilivu huo, hata hivyo, humfikia anayeuliza. Faili lisilokamilika linaweza kukaa pembeni mpaka msimu uishe bila mtu yeyote kukosea.

Kipande kingine kinachopotea mara nyingi, hasa kwa waombaji wa kutoka nje, ni alama za mitihani, na chanzo chake mara nyingi ni majina. Mtu ana majina matatu. Kwenye pasipoti yameandikwa kwa mpangilio mmoja, kwenye cheti cha mtihani yamebaki mawili, na kwenye fomu ya maombi jina la babu limegeuka jina la ukoo. Alama zinafika chuoni salama, lakini mfumo hauoni ni za nani, kwa hiyo zinakaa bila mwenyewe huku ukurasa wa mwombaji ukisema hazijapokelewa. Nimewahi kukaa na karatasi ya alama za namna hiyo mkononi, nikijaribu kukisia ni za nani kati ya waombaji watatu wenye majina yanayokaribiana. Mmoja wao aliniondolea kazi hiyo kwa barua fupi yenye majina yake kama yalivyo kwenye fomu, majina kama yalivyo kwenye mtihani, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya mtihani, na nakala ya matokeo. Kazi ya saa nzima iliisha kwa dakika mbili. Barua kama hiyo haimsumbui mtu, inampunguzia mzigo. Wakati wa kuangalia alama ni vizuri pia kuhakikisha kwamba bado zina uhai: alama za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka 2 na za GRE, mtihani wa kujiunga na shahada za juu, miaka 5, na mwombaji aliyefanya mtihani mapema huweza kujikuta ametuma kitu ambacho hakisomeki tena.

Hata hapa, lakini, pana haja ya subira kidogo. Vyuo vingi vya Marekani hufunga ofisi kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, na tarehe nyingi za mwisho huangukia majuma machache tu kabla ya hapo. Nakala ya matokeo iliyofika tarehe 18 Desemba inaweza kuonekana haijapokelewa mpaka wiki ya pili ya Januari, kwa sababu tu hakuna mtu aliyeigusa. Kanuni niliyojiwekea ni wiki mbili za siku za kazi tangu kitu kitumwe. Zikipita nayo haijaonekana, naandika bila kusita.

Barua ya pili yenye uzito ni ya mtu aliyepata nafasi mahali pengine. Hapa ni lazima nieleze tarehe 15 Aprili, kwa kuwa waombaji wengi wameisikia na wachache wanaijua sawasawa. Baraza la Shule za Shahada za Juu la Marekani lina azimio ambalo vyuo vingi vya nchi hiyo vimelitia saini, linalosema kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye ufadhili hawajibiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Azimio hilo linahusu ufadhili, na linavihusu vyuo vilivyolitia saini. Aliyekubaliwa katika shahada ya uzamili bila ufadhili hana kinga hiyo, na anaweza kupewa tarehe ya mapema ya kuthibitisha na kulipia amana. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma barua ya nafasi uliyoipata na kujua tarehe yako mwenyewe.

Tarehe hiyo ikishajulikana, kuwaandikia waliokaa kimya ni haki yako kabisa, na ningesema ni wajibu wako kwa nafsi yako. Mimi nilipata nafasi ya kwanza mwanzoni mwa Machi. Ilipofika wiki ya tatu ya mwezi huo, vyuo viwili nilivyovipenda vilikuwa bado havijasema kitu, nami nikaviandikia vyote siku moja. Kimoja kilinijibu kesho yake kwamba hawatakuwa na ufadhili zaidi mwaka huo, kwa hiyo nisiwasubiri. Nilihuzunika kwa jioni moja, kisha nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu Desemba. Kingine kilijibu kwamba bado nafikiriwa na kwamba wataniandikia kabla ya wiki kwisha, nao wakatimiza. Yote mawili yalikuwa majibu ya kweli, na sababu ya kuyapata ni kwamba safari hii niliwapa kitu cha kufanyia kazi: tarehe. Ofisi ambayo haiwezi kumwambia mtu habari kwa sababu ana wasiwasi inaweza kabisa kwenda kwa mwenyekiti wa kamati na kusema kwamba huyu ana siku kumi na nane.

Naomba nisisitize jambo moja hapa, kwa sababu nimeliona likimwumiza mtu. Usibuni nafasi usiyokuwa nayo ili kuharakisha jibu. Walimu wa fani moja wanajuana, wanakutana, wanaulizana, na neno la uongo likigundulika hakuna barua itakayolifuta. Usiandike pia kama mtu anayetishia. Huhitaji hata kutaja jina la chuo kilichokukubali, tarehe inatosha.

Kwa mwombaji anayesoma nje ya nchi yake ipo sababu nyingine halali, nayo ni viza. Chuo cha Marekani kikishamkubali, hutoa fomu ya I-20, yaani uthibitisho wa chuo unaotumika kuombea viza ya mwanafunzi, na bila fomu hiyo hawezi kulipia ada ya usajili ya wanafunzi wa kigeni wala kwenda kwenye usaili wa ubalozi. Uingereza nayo ina namba yake ya uthibitisho inayotolewa na chuo kabla ya maombi ya viza. Hatua hizo zina foleni, na mwenye foleni hiyo mbele yake ana haki ya kusema, mwezi wa Mei, kwamba jibu likichelewa zaidi hatawahi muhula. Mratibu ambaye hajawahi kuomba viza maishani mwake huenda asilifikirie jambo hili mpaka aambiwe.

Si kila mahali pana msimu mmoja wa majibu. Kozi nyingi za uzamili nchini Uingereza hupitia maombi kadiri yanavyoingia, na baadhi ya vyuo huandika kwenye kurasa zao ni wiki ngapi mwombaji atarajie kusubiri. Ukiahidiwa wiki nane na wiki ya kumi imeingia, ulizia, umeahidiwa. Kinyume chake, kama ukurasa wa programu umeandika kwamba maswali kuhusu hali ya ombi hayatajibiwa kabla ya tarehe fulani, iheshimu tarehe hiyo, kwa sababu mtu aliyeandika maneno hayo ndiye atakayeipokea barua yako. Nashangaa ni mara ngapi jibu la swali tulilotumiwa lilikuwa tayari kwenye ukurasa huo, aya mbili chini ya mahali ambapo mwombaji aliipata anwani yetu.

Kuhusu habari mpya, kipimo changu ni kama habari hiyo ingebadilisha sentensi moja katika maoni ya msomaji wa faili. Makala ya kitaaluma iliyokubaliwa kuchapishwa, tuzo, ufadhili uliopata kutoka kwingine, matokeo ya muhula wa mwisho yaliyopanda: haya yanastahili mistari miwili, na mara nyingi ukurasa wa maombi una sehemu ya kuyapakia bila kumwandikia mtu. Kuhudhuria semina hakustahili. Na kuandika upya insha ya maombi baada ya kuituma ni jambo ninalolikumbuka kwa huruma, maana msimu mmoja mwombaji alitutumia insha yake mara nne, kila moja ikiwa bora kuliko iliyotangulia, na hatukuweza kuibadilisha hata moja, kwa kuwa faili lilikuwa tayari mikononi mwa kamati. Nilimjibu mara zote nne. Ningetamani ile juhudi yote iwe ilikwenda kwenye toleo la kwanza.

Swali gumu kuliko yote ni kama umwandikie profesa unayetaka akusimamie. Jibu linategemea jinsi idara inavyochagua, na mwombaji anapaswa kulijua hilo kabla hajagusa kibodi. Zipo idara ambamo msimamizi ndiye anayechagua mwanafunzi wake na kumlipa kutoka kwenye fedha zake za utafiti. Huko, barua fupi ya kumkumbusha kwamba ombi lako limefika, hasa kama mliwahi kuwasiliana kabla, ni ya kawaida na inaweza kusaidia. Zipo nyingine ambamo kamati huchagua kundi zima, na wanafunzi huzunguka kwenye maabara kadhaa katika mwaka wa kwanza kabla ya kupata msimamizi. Huko profesa mmoja hana cha kukupa hata akitaka. Na kama profesa huyo ndiye anayeketi kwenye kamati mwaka huu, unamweka mahali pagumu, kwa kuwa analolijua hawezi kulisema. Maoni yangu, na najua wapo wasiokubaliana nayo, ni kwamba mahusiano na profesa yajengwe kabla ya ombi kutumwa, na masuala ya hali ya ombi yapelekwe kwa mratibu. Aliyefanyiwa usaili yuko tofauti kidogo: ashukuru ndani ya siku moja au mbili, na kama alitajiwa tarehe ya majibu ikapita kwa wiki nzima, amwulize yuleyule aliyemtajia.

Simu sipendekezi, isipokuwa kwa jambo linaloisha leo. Mtu anayepokea simu hana faili mbele yake, na jina linalotamkwa haraka halitafutiki kirahisi.

Barua yenyewe iwe fupi kiasi kwamba inasomeka yote kwenye kioo cha simu bila kusogeza. Ile yangu ya kwanza, ya Februari, ilikuwa na mistari kumi na minne, na nilipoirudia baada ya mwaka niliona kwamba jina langu liko mstari wa kumi na mbili na namba ya ombi haimo kabisa. Aliyenijibu alilazimika kunitafuta. Ile ya Machi, iliyopata majibu ya kweli, ilikuwa hivi, kwa Kiswahili:

Kwa Mratibu wa Programu. Naitwa fulani, namba yangu ya ombi ni hii, na nimeomba nafasi ya uzamivu kwa muhula unaoanza mwezi Agosti. Nimepata nafasi yenye ufadhili katika chuo kingine, na natakiwa kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Programu yenu bado ndiyo chaguo langu la kwanza. Naomba kujua kama uamuzi kuhusu ombi langu unatarajiwa kabla ya tarehe hiyo. Nakushukuru kwa muda wako.

Sentensi ya chaguo la kwanza niliiandika kwa chuo kimoja tu kati ya viwili, kwa sababu ilikuwa kweli kwa kimoja. Kwa kile kingine niliandika kwamba bado nina hamu kubwa ya kusoma kwao, jambo ambalo nalo lilikuwa kweli. Kichwa cha barua kilikuwa jina langu kamili na namba ya ombi, kwa kuwa mratibu anapokuwa na barua tisini kwenye sanduku lake, kichwa kinachosema swali hakimsaidii kujua aanze na ipi. Kama jibu lisipokuja, subiri wiki mbili, kisha uandike tena juu ya barua ileile ili maneno ya kwanza yaonekane. Baada ya hapo, ukiwa na tarehe inayokusukuma, ndipo simu inapokuwa na maana.

Zinabaki zile siku ambazo huna chochote cha kuwaambia, na bado mkono unatamani kuandika. Hizo ndizo nyingi, na sitaki kuzipuuza, kwa sababu nilizipitia. Anayesubiri ameweka mwaka mzima wa maisha yake mikononi mwa watu asiowajua, amelipia ada za maombi kwa fedha aliyoichanga kwa shida, amewaomba walimu wake wamtetee, na sasa anaambiwa asubiri bila kujua ni siku ngapi. Nilichojifunza kufanya ni kuandika barua kwenye daftari, si kwenye barua pepe, na kuiacha mpaka kesho yake. Asubuhi nilikuwa naisoma nikiwa na kalamu, napigia mstari kila kitu ambacho ofisi haikijui. Mara nyingi sikupata pa kupigia mstari, na daftari nikalifunga. Mara mbili nilipata, na barua hizo mbili nilizituma.

Iko barua moja ambayo karibu kila mwombaji anapaswa kuiandika, na wengi hawaiandiki. Ni ile ya kujiondoa. Ukishakubali nafasi mahali fulani, maombi yako mengine bado yako mezani, na katika idara ile iliyokupangia nafasi huenda yupo mtu anayefungua akaunti yake kabla ya kunawa uso, akisubiri pengo lako. Nilipokubali nafasi yangu tarehe 2 Aprili, chuo kimoja kilikuwa kimeshanipa nafasi ambayo nilijua sitaichukua, nami nilikuwa nimeikalia kwa siku tano bila sababu yoyote zaidi ya kuona haya kuwakataa watu walionitendea wema. Jioni hiyo niliwaandikia mistari miwili, nikiwashukuru na kuwaarifu kwamba nimechagua kwingine. Katika msimu mzima ule, hiyo ndiyo barua pekee iliyojibiwa kabla sijaondoka mezani. Mratibu aliandika kwamba ananitakia heri, na kwamba yupo mwombaji mmoja kwenye orodha ya kusubiri ambaye atampigia simu kesho asubuhi, mara tu ofisi itakapofunguliwa.